Hija Mabruki na Mchoro wa Mizizi Uliorudishwa Mara Mbili

Mashehe, wazee wangu, na kina mama mlioko ndani, assalaam alaykum. Mimi ni Nasor Mabruki, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nayasoma nikiwa na uchungu, tena na hasira, mniwie radhi.

Marehemu Hija Mabruki Duni alizaliwa Shumba Mjini tarehe 4 Agosti 1919, akasoma Kurani kwa Mwalim Jaribu, kisha skuli ya Wete hadi mwaka 1934, alipotoka akashona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo kila tundu lake huhesabiwa. Mwaka 1942 alimwoa Bi Kazija Khatib, wakajaaliwa watoto wawili, Mwanapili na Mgeni, na tarehe 3 Januari 1949 akaajiriwa na ofisi ya kilimo kuchora mikarafuu iliyokuwa ikifa.

Mwaka 1957 alifukua mizizi ya mkarafuu mmoja kule Makangale, akaichora nukta kwa nukta kama anavyotoboa kofia, akaonyesha kwamba vijizizi hufa kabla majani hayajageuka manjano, na kwa kuwa hakuwahi kumaliza kazi bila ya ukingo, akauzungushia mchoro ule ukingo wa viua. Aliupeleka kwa mabwana wa sayansi wa London, wakaurudisha, eti ukingo ni sanaa, aukate kwanza, akaupeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya huko huko, nao wakaurudisha Juni 1958, eti mizizi iliyopimwa namna hii ni sayansi. Jicho ni lile lile, mkono ni ule ule, sasa walitaka ajigawe vipi? Mimi nilimletea mkasi, nikamsihi akate yaishe, akanijibu kwamba hajapata kumvisha mtu kofia nusu. Mwaka 1960 kikaja kitabu kutoka kwa mabwana wale wa sayansi, kina picha ya kamera na habari ya vijizizi kufa kwanza, jina la Hija halimo. Alikifunga, hakukitaja tena.

Kifua kilimwanza Novemba mwaka huo, akalazwa Wete, akafariki Jumatano, tarehe 10 Mei 1961, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliochimba kaburi, na wenzake wa ofisini mliofika leo. Mchoro nimeutundika hapo barazani, ukingo wake mzima, na jina lake nimeliandika chini kwa wino, piteni mkautazame, mizizi na viua kwa pamoja, kama alivyouona yeye.

Kaka Hija, nisamehe kwa mkasi ule. Pumzika kwa amani.