Gracien Murhula na Kosa Lisilokuwa Lake

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na Mzee Anaclet Bagalwa, aliyemlea marehemu, naye ameomba isifupishwe mahali popote.

Gracien Murhula alizaliwa Kalehe tarehe 17 Machi 1972, mwana wa Apollinaire Cirhuza na Priscille Nabintu, na baba yake alipofariki mwaka 1983 alichukuliwa na Anaclet, mdogo wa baba yake, akamwita Papa tangu siku hiyo. Alipata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari hapa Bukavu mwaka 1991, na baada ya vita kumchelewesha, shahada ya informatiki, elimu ya kompyuta, mwaka 1999. Tarehe 8 Septemba 2001 alifunga ndoa na Colette Nsimire, wakajaliwa Joviale na Didier.

Mwaka 2005 aliingia katika ofisi ya lishe ya watoto iliyoongozwa na Anaclet huyo huyo. Wauguzi wa Kalehe, Walungu na Luhwindja waliandika uzito wa watoto katika kompyuta ndogo za mkononi, za aina tatu, kwa kuwa kila mfadhili alileta zake, na Gracien aliandika programu moja kwa lugha ya C, itembee katika zote.

Ijumaa tarehe 11 Mei 2007, wageni wa Kinshasa wakitazamiwa Jumatatu, alieleza kwamba mashini moja huhifadhi namba ikianza na kipande kikubwa, nyingine ikianza na kidogo, hivyo ni lazima kila namba iandikwe upya kwa mpangilio mmoja. « Papa, hizi mashini haziko zinasoma namba namna moja, unipe wiki mbili tu. » Anaclet alijibu kwamba namba ni namba, akamwamuru azihamishe jinsi zilivyo kwenye orodha moja.

Jumatatu orodha ilionyesha watoto wachanga wa kilo arobaini na nane, wageni wakacheka, na kibaya zaidi, Bintu wa Walungu, mwenye miaka miwili na uzito wa gramu elfu saba na mia mbili, alisomeka elfu nane mia mbili na ishirini, akaonekana hana utapiamlo, akarudishwa nyumbani bila maziwa ya matibabu. Aliletwa tena baada ya siku tisa, akapona, lakini si kwa wema wa Anaclet, ambaye alipoulizwa mbele ya wote kosa ni la nani, alimtaja Gracien, na tarehe 18 Mei akasaini barua ya kumfukuza.

Gracien hakujitetea. Alitengeneza simu mtaani Kadutu miaka kumi na saba, simu ya Anaclet ikiwemo, huku akiendelea kuisahihisha programu ile, ambayo wauguzi wa Kalehe wanaitumia hadi leo.

Alianza kuugua figo mwaka 2022, akafariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024. Kesho yake Joviale aliifungua programu, akamsomea Anaclet maneno ambayo baba yake aliyaacha juu ya kipande cha programu kilichosahihishwa: « Kosa langu, G. Murhula, 11 Mei 2007. » Anaclet, mbele ya Colette na watoto, anaona haya, na amemwomba Joviale alifute jina hilo, aandike Anaclet Bagalwa, bila kulifupisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kadutu, na wafanyakazi wenzake wa zamani, waliofika ingawa waliambiwa uongo juu yake.

Gracien, kosa limerudi kwa mwenyewe, pumzika kwa amani.