Kutu, Fundi wa Kuchakaza Miji

Marehemu tuliyekuja kumsindikiza leo aliitwa Kutu na wafanyakazi wenzake, na jina hilo likamkaa hadi dada yake mwenyewe akaanza kulitumia. Wasifu huu unasomwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, kwa niaba ya familia. Tuko wachache, kwa hiyo sogeeni mbele, tusipigiane kelele.

Kutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yake alikuwa mpaka rangi, mama yake mpishi wa shule ya bweni. Likizo moja baba alimchukua wakapake rangi chumba cha kusubiria cha zahanati. Juu ya benchi ukuta ulikuwa na madoa meusi ya mafuta, pale vichwa vya wagonjwa vilipoegemea miaka nenda miaka rudi. Mtoto akagoma kushika brashi.

“Baba, tukiyafuta haya, watu watajuaje pa kuegemea?”

Baba alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akapaka. Kutu alinuna njia nzima ya kurudi nyumbani.

Alisoma sekondari ya ufundi kuanzia mwaka 1984, na mwaka 1991 akahitimu stashahada ya uchoraji wa majengo. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wake aliwahi kumrudishia kazi akisema, “Nilikuambia uchore ngazi, sikukuambia uchore ngazi iliyochoka.”

Alianza kazi katika ofisi ya manispaa akichora mifereji ya maji machafu. Mwaka 2007 akahamia kampuni ya kutengeneza magemu ya kompyuta, na hapo ndipo alipopata jina. Kampuni ile ilikuwa na programu inayojenga mji yenyewe. Ukishaipa kanuni, inamwaga mitaa, maghorofa na madirisha kwa maelfu kabla chai yako haijapoa. Tatizo ni kwamba miji hiyo ilikuwa misafi kama sahani ya dukani. Ungetembea humo saa nzima usione dalili kwamba kuna mtu amewahi kuishi. Kazi ya Kutu ilikuwa kutia dalili hizo. Chini ya kila bomba aliweka ukungu wa kijani. Milango aliifuta rangi karibu na kitasa. Penye kona ya bustani alikausha majani, kwa sababu watu hukatisha hapo hapo hata ukiwawekea njia ya mawe. Na mabati yote, bila upendeleo, aliyatia kutu.

Bosi wake alimwambia, “Mzee, hayo hakuna atakayeyaona.”

“Kweli hawatayaona,” Kutu akajibu. “Ila yatoe, uone watakavyosema mji umekufa.”

Yakatolewa kwa majaribio. Wachezaji wakalalamika kwamba mji unatisha, ingawa hakuna aliyeweza kusema kwa nini. Yakarudishwa kimya kimya.

Tarehe 5 Desemba 1998, akiwa bado manispaa, alifunga ndoa na muuguzi wa kliniki ya macho. Hawakujaaliwa mtoto. Jioni walikuwa wakitembea pamoja, naye Kutu kila hatua anasimama kutazama ukuta uliobanduka. Mke wake alizoea kumwuliza, “Hivi umenioa mimi au umeoa huo ukuta?” Tarehe 9 Agosti 2012 mke huyo alianguka akiwa kazini, mshipa wa kichwani umepasuka, na hakuamka tena. Kutu alirudi ofisini wiki iliyofuata. Watu, kwa kumwonea huruma, wakaacha kabisa kumsemesha.

Miezi ilipita. Ndipo binti mmoja mtaalamu wa programu, aliyekaa meza inayotazamana na yake, akawa anaukagua mji mpya. Alipanda ghorofa hii, akashuka, akapanda ile. Mwishowe akamgeukia.

“Mzee Kutu, mbona kila roshani ina kiti kimoja? Na vyombo vilivyoanikwa, kikombe kimoja, sahani moja. Mji mzima.”

Kutu akasogea akatazama kioo cha kompyuta ya mwenzake, roshani moja baada ya nyingine. “Sikukusudia,” akasema. “Wallahi sikujua.”

Binti aliona aibu kwa kuuliza. Kutu alikaa akairekebisha kanuni, akaongeza viti, akaongeza viatu vya watoto milangoni. Yule binti alimwalika kwao chakula cha mchana Jumapili. Alikwenda, akala vizuri, akausifu unyevu wa ukuta wao wa jikoni, akashukuru. Alipoalikwa tena alisema “siku nyingine”, na siku nyingine haikufika.

Mwaka 2021 madaktari walimwambia moyo wake umetanuka. Miguu ilivimba, na ngazi za kwenda kwake ghorofa ya tatu zikamshinda, kwa hiyo akabaki ndani. Mpwa wake alipompelekea dawa alimkuta mbele ya kompyuta, anatembea polepole kwenye mitaa aliyoipamba mwenyewe.

“Mjomba, unatafuta nini humo?”

“Sitafuti kitu, mama. Nanyoosha miguu tu.” Kisha, bila kugeuka, akaongeza, “Shida ya hapa watu hawasalimii. Wanakupita kama nguzo.”

Mpwa alimsimulia yule binti wa ofisini maneno hayo kwenye simu. Kutu alipolazwa, binti alikuja wodini na kompyuta ya kubeba, akaiweka juu ya meza ya dawa, akaufungua mji wa Kutu. Katika mtaa mmoja mwembamba, mwanamke wa kuchorwa aliyekuwa anafagia kizingiti chake aliinua uso akasema, “Za siku nyingi? Umetupotea.”

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Kutu hakucheka. Alivuta shuka, akajiweka sawa kama mtu aliyefikiwa na mgeni, akaijibu ile kompyuta kwa sauti: “Nzuri, mwanangu. Nilikuwa naumwa kidogo.”

Aliaga dunia hospitalini tarehe 22 Juni 2023, asubuhi, wakati manesi wanabadilishana zamu.

Ameacha dada mmoja, shemeji mmoja, na mpwa mmoja. Ameacha pia mfanyakazi mwenzake, yule binti, ambaye jana alimpigia simu dada wa marehemu akauliza, kwa woga, kama anaweza kukaa upande wa wafiwa. Amekaa hapa, kiti cha mbele, na tumemwandika katika ndugu.

Kaka, Mjomba, Mzee Kutu: lala kwa amani.