Estill Lykins na Ukuta wa Mbele

Estill Ray Lykins, tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 15 Machi 2019, alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1946 katika nyumba ileile aliyoishi hadi mwisho, juu ya kijito cha Laurel Fork, mashariki mwa Kentucky. Alikuwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa marehemu Hobert na Ova Lykins. Wa kwanza ni mimi, Garnet, ninayesoma haya. Mama alikuwa akisimulia kwamba Estill alitanguliza miguu, na kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kufanya jambo lolote kwa utaratibu wa watu wengine.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja hapo kijitoni, kisha sekondari mjini, akamaliza Mei 1964. Hakuwa mpenzi wa vitabu. Kila Septemba kiti chake kilikuwa kitupu, maana tumbaku ikiiva haimsubiri mwalimu. Mwaka 1966 aliitwa jeshini, akapelekwa Vietnam, akarudi 1968. Alichokiona huko hakukisema kwa mtu yeyote isipokuwa labda mkewe, na huyo naye hakumwambia mtu.

Alilima tumbaku kwa miaka thelathini na sita, hadi 2004, serikali ilipofuta mgawo wa tumbaku uliowahakikishia wakulima bei, na mabanda ya kukaushia yakabaki matupu bonde zima. Pamoja na kulima, aliendesha basi la shule kuanzia 1979 hadi 2008. Wengi wenu mliokaa hapa mliwahi kutapika kwenye basi lile. Chini ya kiti chake palikuwa na mfuko wa mikate midogo yenye jemu, kwa ajili ya watoto waliotoka nyumbani bila kula. Hakuuliza nani hajala. Aliupitisha mfuko nyuma akisema mkewe kapika mingi mno, na ulirudi mtupu kila siku.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Icie Fannin. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Darla, mwaka 1974. Icie alikuwa mshonaji wa mifarishi ya viraka, ile mizito iliyojazwa pamba ambayo kila nyumba hapa ina angalau mmoja. Wa kwao ulikuwa na nyota moja kubwa ya ncha nane. Saba zilikuwa nyekundu na ya nane ya kahawia, kwa sababu kitambaa chekundu kilimwishia Jumapili na duka limefungwa, naye akakata suruali ya kazi ya Estill bila kumuuliza. Estill aliitafuta suruali ile wiki nzima.

Icie alifariki kwa saratani tarehe 9 Februari 2006, baada ya miaka miwili ya kuugua. Ndugu mmoja wa kanisani aliyeandaa mwili alishauri mfarishi ubaki kwa Darla kama kumbukumbu. Estill alikataa. "Amesikia baridi miaka miwili," alisema. "Simpeleki kule mlimani bila kitu." Kwa hiyo Icie alizikwa amefunikwa nyota yake, na hapakubaki nyingine.

Mwaka 2009 akina mama wa kaunti tulianzisha Njia ya Mabanda. Mabanda thelathini na moja, kila moja limetundikwa ukutani ubao wa futi nane kwa nane uliopakwa rangi kwa mchoro wa mfarishi wa nyumba hiyo, na ramani ya kumwongoza mgeni kwa gari toka banda hadi banda. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nilipomwendea Estill alinijibu akiwa amelala chini ya trekta.

"Garnet, mimi si duka. Sitaki kibao ukutani."

"Si kibao cha duka. Ni nyota ya Icie."

Alijivuta akatoka chini ya trekta. Kisha akauliza, "Unakumbuka ile ncha ya kahawia ilikuwa upande gani?"

Tuliupaka ubao ule wawili kwa Jumamosi nne, kwenye chumba cha chini cha kanisa hili, tukigombana juu ya wekundu wake. Likawa banda namba kumi na nne. Wageni walipenda kusimama pale kuliko kwingine kote, na Estill, mtu asiyependa watu, akaanza kunyoa ndevu siku za Jumamosi. Bibi mmoja wa Cincinnati alimwambia kwa upole, "Baba, mchoraji wako amekosea. Ncha moja si nyekundu."

"Hakukosea, mama," akamjibu. "Ile ni suruali yangu."

Ningependa kuishia hapo. Lakini wasifu usiosema mtu alikufaje ni nusu ya wasifu.

Mwaka 2012 mbao za banda bovu katika kaunti ya jirani zilimwangukia mtoto wa wageni, akavunjika mguu. Kamati yetu ikapitisha kanuni: kila Aprili kila banda lipimwe kwa timazi, ule uzi wenye uzito unaoonyesha kama ukuta uko wima, na ukuta ukiinama zaidi ya upana wa kiganja, banda litolewe kwenye ramani. Kanuni hiyo niliiandika mimi, na kupima nilipima mimi. Nilipima ukuta wa mbele tu, unaotazama barabara, kwa sababu huko ndiko wageni wanakosimama. Aprili 2018 ukuta wa Estill ulizidi kiganja kwa vidole viwili.

"Una hadi Aprili ijayo," nilimwambia. "Baada ya hapo nalitoa."

"Wewe ni dada yangu au karani wa kaunti?"

"Vyote viwili."

Alicheka, kisha kicheko kikafutika usoni. "Sasa dada, ukilitoa kwenye ramani, nani atakuja kumwona Icie?"

Niliandika kipimo kwenye daftari nikaingia kwenye gari.

Septemba ya mwaka huo moyo wake ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza kunyanyua chochote kizito kuliko ndoo ya maji. Sisi alituambia amekatazwa nyama ya nguruwe tu. Majira yote ya baridi alikuwa ndani ya banda, peke yake, akiusukuma ukuta wa mbele urudi wima na kuuegemeza kwa boriti kutoka ndani. Boriti hizo alizing'oa nusu ya nyuma ya banda. Alichukua zile za juu tulizokuwa tukining'iniza tumbaku, ambazo ndizo zinazofunga banda lisifumuke. Kila aliyelelewa kwenye tumbaku anajua hivyo, na Estill alijua kuliko sisi sote. Lakini nyuma hakuna aliyekuja kupima.

Jumapili tarehe 10 Machi, baada ya ibada, nilimwambia pale mlangoni kwamba Aprili inakaribia. Akasema, "Njoo na timazi lako, bibi karani. Utaona aibu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Jumatatu upepo ulivuma tangu alfajiri. Kama saa nne asubuhi mume na mke wenye ramani yetu walisimamisha gari barabarani, wakaipiga nyota picha tatu. Walikuwa wanaondoka mbwa wa Estill, Pete, alipotokea mbio akawazuia wasifungue milango ya gari. Wakamfuata hadi nyuma ya banda. Nusu yote ya nyuma ilikuwa imelala chini, na mdogo wangu alikuwa chini yake. Walipopiga zile picha alikuwa tayari amelala pale. Daktari wa kaunti anasema hakuteseka. Namwamini kwa sababu sina budi.

Darla aliposoma karatasi hii juzi jikoni kwangu aliniambia, "Shangazi, hayo usiyaandike. Watu watakusema."

"Wacha waseme."

"Baba angekwambia unyamaze, ule chakula chako."

Ni kweli, angeniambia hivyo. Lakini baba yako hayupo, Darla, na mmoja wa waliomwingiza chini ya paa lile ni mimi. Kanuni ilikuwa nzuri. Nilichokosa ni kuzunguka nyuma, hatua arobaini tu. Na alipouliza nani atakuja kumwona mkewe, ningeweza kusema mimi nitakuja. Nakuomba radhi, Darla, mbele ya watu hawa.

Marehemu ameacha binti yake, Darla, na mkwewe, Clovis Skaggs. Wajukuu wawili, Shelby na Wade. Dada yake, Garnet. Na Pete, ambaye amekataa kula tangu Jumatatu. Estill atalazwa ubavuni mwa Icie. Baada ya maziko kuna maharage na mkate wa mahindi chumba cha chini.

Jumatano vijana wa zimamoto walikuja na Clovis kuushusha ubao, kabla ya kuubomoa ukuta uliobaki. Ubao upo nje kwenye pikapu. Darla hajaamua uende wapi, na mtu asimuulize leo. Kabla hawajaanza niliwaomba dakika tano, Clovis akapanda ngazi na uzi wa timazi, mimi nikasimama chini. Uzi ulishuka sambamba na ukuta toka paa hadi msingi, haukuachana nao hata kwa unene wa ukucha. Katika miaka yote ya kupima mabanda thelathini na moja sijaona ukuta wima kama ule. Nyuma yake palikuwa na boriti zake tu, na baada ya hapo anga. Nilitoa daftari nikaandika kama ninavyoandika siku zote.

Limepita, Estill. Banda namba kumi na nne limepita kipimo. Uachie ukuta sasa, mdogo wangu, upumzike kwa amani.