Hedifoni Mbili za Mgongo Wazi

Benchi lenyewe ni la mbao, limeegemezwa ukutani kati ya kibanda cha fundi redio na saluni ya Kinyozi, na mbele yake Bi Kahawa ameweka jiko lake. Pale fundi redio anaitwa Sikio, na jina hilo limemkaa vizuri mpaka la kuzaliwa limesahaulika. Spika ikikoroma, anaitwa Sikio. Kwaya ikirekodi wimbo, Mwalimu wa kwaya hautoi mpaka Sikio ausikilize kwanza na kusema "sawa". Hakulipwa kitu kwa kazi ile, heshima ilimtosha. Sasa Kinyozi naye katokea na hedifoni ya mgongo wazi, nyeusi, ya kampuni ileile kama ya Sikio, toleo dogo tu, na bei nusu. Mwalimu alipita kunyolewa juzi, akaivaa, akaisifu. Tangu siku hiyo wivu ulimkaa Sikio, hata kahawa akawa haimalizi.

— Leo Mwalimu analeta wimbo mpya, — Kinyozi alisema, akipuliza kikombe chake. — Kaniambia nisiende mbali.

— Usiende mbali kama nani? — Sikio aliuliza.

— Kama mwenye hedifoni.

— Hiyo nayo hedifoni! Besi imelala usingizi. Yangu nikiivaa, namsikia mpiga gitaa akikohoa.

— Mimi kwa nusu ya bei namsikia akikohoa, halafu namsikia akimeza.

Bi Kahawa aliangua kicheko. Sikio hakupenda kicheko kile hata kidogo. Zamani Bi Kahawa alikuwa akichekea mizaha yake yeye.

— Tulieni niwaeleze, — alisema Mjuaji, fundi cherehani ambaye hakuna jambo lisilo na maelezo kwake. — Ya mgongo wazi ina wavu huku nje ili sauti ipumue. Zile zilizofungwa, sauti inakosa pa kutokea, inajikusanya kichwani. Ndiyo maana vijana wa siku hizi ni wasahaulifu.

— Wee Mjuaji! — Bi Kahawa alimkatiza.

— Kweli tupu! Kichwa kimejaa nyimbo, utaweka wapi mambo mengine? Na hizo za bei kubwa, wavu wake unafumwa na watu wasioongea kabisa. Neno moja likiwatoka, linanasa humo, utalisikia maisha yako yote.

— Basi ya Kinyozi wameifuma wapiga soga, — Sikio alidakia. — Ina kelele!

Kinyozi aliweka kikombe chini.

— Maneno hayo unasema macho wazi. Nikikufunga macho utazijua?

— Hata ukinifunga na pua!

Kinyozi akaingia saluni, akatoka na hedifoni yake na kitambaa cha kunyolea, akamfunga. Sikio alikuwa ameshaleta hedifoni yake na redio yake ndogo ya mezani, akaiweka benchini, na Bi Kahawa akapewa kazi ya kumvalisha na kubadilisha hedifoni, maana yeye alisema zote anaziona kama vifuniko vya sufuria. Sikio aliomba kimoyomoyo Mwalimu afike sasa hivi, aone kwa macho yake sikio la kweli ni la nani.

Bi Kahawa akamvalisha ya kwanza.

— Bati! — Sikio alisema hata kabla mwimbaji hajamaliza mstari. — Sauti imebanwa, kama mtu anaimba ndani ya kabati. Pole sana, Kinyozi. Lete ya pili.

Bi Kahawa akachomoa pini redioni, akamvua, akamvalisha ya pili. Wakati huohuo mteja akaitisha kahawa, Bi Kahawa akageuka kummiminia.

— Aaah! — Sikio alinyoosha miguu. — Hii sasa! Hii ina hewa. Naona jukwaa zima: ngoma kule mbele, mwimbaji hapa karibu na goti langu.

— Jamani, mbona hata sisi tunasikia? — Bi Kahawa alishangaa.

— Ndiyo mgongo wazi wenyewe! — Mjuaji alisimama. — Ya bei kubwa lazima ivuje. Ikiiva kabisa, mtaa mzima unafaidi, mwenye kuivaa anabaki na masazo.

Kinyozi aliinamisha kichwa kusikiliza. Wivu ukamhamia yeye.

— Hapo sina la kusema, — alikiri. — Yangu haijawahi kuvuja hivyo.

Sikio alilisikia neno lile likimwingia mpaka tumboni, tamu. Alikuwa bado anatabasamu gizani aliposikia viatu vikisimama mbele yake, na sauti ya Mwalimu wa kwaya:

— Fundi, mbona pini ya hedifoni inaning'inia hewani?

Bi Kahawa aliangalia mkono wake uliokuwa na birika. Redio iliendelea kuimba kwa spika yake yenyewe, pale benchini karibu na goti la Sikio, kama inavyofanya kila inapochomolewa pini. Sikio mwenyewe ndiye aliyeitengeneza ifanye hivyo.

Alivua kitambaa. Hedifoni ya kwanza, ile aliyoiita bati, ilikuwa imelala juu ya kiti cha Bi Kahawa, na pembeni ilikuwa na mchubuko wa siku aliyoiangusha kibandani kwake. Ilikuwa yake.

Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akarudisha flashi ya wimbo kwenye mfuko wa shati.

— Basi, nitatafuta pengine, — alisema kwa upole, akaenda zake.

Kinyozi naye hakupewa wimbo. Sikio alijaribu kulifurahia hilo, kwa nguvu zake zote, na halikumsaidia kitu.