Zamu ya Ivyne Kuonyeshwa Mji

Nyuma ya vioski vya Woodley kuna benchi lililoungwa kwa mabaki ya mafundi fanicha wa Ngong Road. Miguu mitatu ni ya kitanda, wa nne ni wa meza, kwa hivyo anayekaa upande wa kulia hunywa kahawa akiwa ameegemea jirani yake, apende asipende. Wenyewe huliita base. Jumamosi alasiri, watu wakishatoka vibaruani, Nthenya hutua hapo chupa yake kubwa ya kahawa ya tangawizi na ndoo ya mandazi, na bunge huanza bila spika. Kuna Kaloki, karani mstaafu, anayeitwa Katiba kwa sababu hawezi kuomba hata andazi bila kutaja haki zake. Kuna Oduor, dereva wa ofisi moja ya Hurlingham, anayeitwa Balozi: amepeleka mabosi eapoti miaka mingi hadi akaamini kwamba naye husafiri. Kuna Mungai, dalali wa mashamba, Ploti kwa jina la base. Na kuna Wesonga, fundi wa mabomba wa fleti za Hurlingham na Muthangari, asiyevua kofia yake ya kampuni ya rangi, waliyembandika jina la Mfereji, na ambaye siku hiyo kahawa ilikuwa imempoea mkononi bila kuionja.

— Baba Ivyne, kunywa kitu ama unirudishie kikombe, alisema Nthenya.

— Nthenya, wacha tu. Jumamosi ijayo Ivyne anafika kumi na sita. Ukoo mzima unaniuliza nampeleka mji gani, na sina jibu.

Hapo lazima mtu aelezwe, maana ukoo wa kina Wesonga una mambo yake. Kwao Butula, mtoto akifikisha miaka kumi na sita, babake humvalisha vizuri na kwenda naye kumwonyesha mji mkubwa, wawili peke yao, siku nzima. Babu yake Wesonga alimpeleka mwanawe Kisumu kwa miguu. Mwanawe huyo akamleta Wesonga Nairobi kwa basi la usiku. Wesonga akaupenda mji, akarudi, akaoa, na Ivyne akazaliwa hapa hapa. Tangu hapo kila ndugu mwenye mtoto wa umri huo humleta Nairobi, na kila anayekuja hufikia kwa Wesonga, naye Ivyne huhamishiwa kwenye kochi ili mgeni apate kitanda.

Alipokuwa darasa la tano, siku ambayo binamu yake Quincy alichukua kile kitanda, Ivyne alimuuliza babake: "Na mimi zamu yangu nitaonyeshwa mji gani, na kwetu ndio huku?" Wesonga alimwambia atampeleka mkubwa kuliko yote. Alisema vile ili mtoto alale. Mtoto alilala, lakini hakusahau. Siku hizi Ivyne ana simu, ana mlango wa chumba, na maneno anayompa babake kwa siku yangeenea kwenye kiganja. Wesonga alimpenda yule msichana hadi ilimuuma, na aliona wazi kwamba akiikosa Jumamosi hii, nafasi nyingine ya kukaa naye siku nzima haitakuja.

— Tuanze na sheria, alisema Katiba, akiweka kikombe chini. Mji mkubwa ni upi? Ni ule umepewa cheti cha jiji. Nairobi iko nayo, Mombasa iko nayo, Kisumu pia, Nakuru ilipewa juzi, Eldoret ikafuata. Kwa hizo zote, kubwa ni Nairobi. Mtoto ashazaliwa ndani ya kubwa. Kesi imefungwa.

— Imefungwa aje?

— Desturi yenu imeisha. Mmefika mwisho wa lami.

— Katiba, usinifungie mtoto bana!

— Si mumwagie maji ya birthday, mkate keki, mpige picha, mlale, kama watu wengine? aliuliza Nthenya.

— Hiyo ya maji tunafanya kila mwaka. Hii ni ya ukoo, mama.

Balozi alikohoa. Akikohoa vile, base yote hujua kwamba sasa watavuka mpaka.

— Shida yenu hamjatoka nje. Mji hupimwa na eapoti. Ukishuka kwa ndege utembee mpaka kiatu ikuume, hiyo sasa ni mji. Mpeleke Guangzhou.

— Wewe umefika Guangzhou? aliuliza Ploti.

— Nimepeleka watu wa Guangzhou.

— Mpaka wapi?

— Mpaka kwa mlango ya eapoti. Na niliwaona wakiingia vizuri sana.

— Balozi, nataka mji wa wikendi, alisema Wesonga. Sihami.

— Basi mpeleke eapoti yenyewe! Siriazi. Mnakaa mahali mnaona ndege, mnakula chipsi. Moja ikiruka unamwambia, "Hiyo ni ya Dubai." Ingine ikiruka, "Hiyo ni ya London." Kufika jioni ashaonyeshwa dunia yote, na hata hajavuliwa viatu na askari.

— Nyinyi mnafikiria miji ya zamani, alidakia Ploti, akisogea hadi benchi likalia. Kuna mji mpya. Siwezi taja jina, juu wengine watakimbilia. Uko huko njia ya kuenda Ukambani. Mpeleke asimame katikati yake kabisa.

— Saa hii kuko na nini? aliuliza Wesonga.

— Saa hii kuko na mbuzi. Lakini Mfereji, mji unakuja! Barabara itapita hapa, hospitali pale, maduka makubwa huku. Msichana wako atakuwa wa kwanza kwa ukoo kuonyeshwa mji kabla haujafika. Hao wengine wote walionyeshwa ukiwa ushachelewa.

— Hao mbuzi ni wa shemeji yangu, alisema Katiba. Na shamba hauzi.

Kicheko kilichopigwa hapo kiliyumbisha benchi, Balozi aliyekuwa upande wa kulia akajimwagia kahawa kwenye suruali ya kazi, akawalaumu mafundi wa Ngong Road wote kwa jumla. Hata Wesonga alicheka. Base ilikuwa na dawa hiyo, kwamba ukija na mzigo wako utacheka kwanza, kisha utarudi nao nyumbani ulivyokuja nao.

Lakini Katiba hakucheka. Alikuwa ameinua kidole.

— Ngoja. Nimepata. Shida si mji, shida ni mtoto. Ivyne hajawahi kufika Nairobi.

— Katiba! Si amezaliwa hapa hapa, hospitali ya Pumwani?

— Kuzaliwa si kufika. Kufika ni utoke mahali. Wewe ulitoka Butula, ukafika. Yeye hajatoka popote. Sasa skiza. Wiki hii mtume Butula kwa nyanya yake. Aoge maji ya kisima, alale na kuku wakilala, mpaka asahau. Ijumaa usiku umpandishe basi. Jumamosi asubuhi, huyo! Amefika kama mgeni yeyote. Umemleta mji mkubwa, na hakuna mzee wa ukoo anaweza kupinga.

Wote walilipima wazo hilo, na la kutisha ni kwamba liliwaingia.

— Hiyo iko sawa, alisema Balozi. Lakini simu abaki nayo nyanya. Mtoto wa siku hizi atafungua ramani, akuambie mko wapi kabla hujamwonyesha.

— Na mkikaribia mji, pale Uthiru, umfunge macho na leso, aliongeza Ploti. Ukimfungua ako katikati ya tao, jengo ya KICC ndio hii mbele yake! Atapiga nduru.

— Msichana amefungwa macho ndani ya basi, mwanaume amemshika mkono, alisema Nthenya. Hapo mtaonyeshwa mji na polisi.

— Pia lazima abebe kuku, alisema Balozi. Mgeni haji mikono mitupu.

— Kwani kuku pia ataonyeshwa mji? aliuliza Nthenya.

— Kuku ataonyeshwa sufuria.

Wesonga alikuwa amefika mahali pa kujiuliza kama nyanya mtu angekubali kuficha ile simu. Aibu ilimshika kidogo, mtu mzima na akili zake, lakini Jumamosi ilikuwa inakuja na mikono yake ilikuwa mitupu. Mtu asiye na jibu huokota lolote linalopita.

— Samahani. Natafuta fundi wa mabomba. Nimeambiwa hukaa hapa, anaitwa Mfereji.

Aliyesema alikuwa mwanamke mwenye sketi iliyolowa kuanzia magotini. Jina lake Caren, mpangaji aliyehamia fleti za upande wa pili juzi tu, na sinki lake la jikoni lilikuwa limeamua kumkaribisha kwa njia yake.

— Ni mimi, madam. Twende tu.

— Haendi popote, alisema Katiba. Tuko na jambo la kitaifa. Mama, keti. Yaani, simama. Nafasi imeisha.

Wakamweleza wote kwa pamoja, kila mmoja akianzia mahali pake, Guangzhou, mbuzi, leso, nyanya. Nthenya alimtilia kahawa na kumnyooshea hadithi kwa maneno machache. Caren alisikiliza akiwa amesimama, jicho moja likielekea nyumbani kwake kama mtu aliyeacha ndoo chini ya bomba.

— Na wewe fundi, babako alikuonyesha nini? aliuliza.

— Mimi? Alinionyesha Nairobi.

— Nairobi gani sasa? Mlienda wapi? Uliona nini?

Base nzima ilimgeukia. Miaka yote walikuwa wamesikia habari za safari ile, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Wesonga alifungua mdomo ataje majumba. Hakupata hata moja.

— Tulishuka stendi ya Machakos Bus asubuhi, alisema polepole. Mzee alikuwa amevaa koti ya kanisa. Hatukupanda jengo lolote. Tulitembea tu, tunatafuta gari za Kawangware, twende kwa baba mdogo. Kila kona mzee anasimama. Ananiambia, "Nisomee hapo." Nasoma, "Tom Mboya Street." Anasema, "Vizuri. Sasa twende wapi?" Namwambia, twende hivi. Tukipotea, tunarudi. "Nisomee tena." Hata choo, mimi ndio nilisoma nikamwambia hii ndio ya wanaume. Alikuwa mkali sana na masomo, huyo mzee. Siku yote alikuwa ananipima. Wah! Hiyo siku nilijiona mtu mkubwa. Kufika jioni, akanishika bega mbele ya baba mdogo akasema, "Huyu ndiye amenileta."

— Kwani yeye alikuwa anaijua Nairobi? aliuliza Caren.

— Hapana. Ilikuwa mara yake ya kwanza pia.

— Na kusoma alikuwa anajua?

Swali lilikuwa dogo, na liliulizwa bila ubaya wowote. Wesonga alitaka kusema ndiyo, bila shaka, babangu kabisa? Kisha akamwona mzee kanisani, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mikononi, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote huku macho yakiwa kwenye mabati. Akakumbuka jinsi chochote chenye maandishi kilichoingia nyumbani kilivyongoja yeye arudi kutoka shule.

Yule mtu alikuwa ameshuka na koti lake katika mji asioujua, asioweza kuusoma, akaukabidhi mkononi mwa mwanawe na kumwacha adhani anapewa mtihani. Angekuwa hai, Wesonga angempigia simu pale pale, hata kama asingejua aanze na neno gani. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, na hakujali nani anaona.

— Madam, alisema, nipe dakika moja tu. Nakuja kwa hiyo sinki.

Alitoa simu na kupiga. Base ikamfanyia ishara aweke sauti juu, naye akaiweka, maana kulikuwa na haja gani ya kuificha.

— Baba, nini? alisema Ivyne. Nyuma yake muziki ulikuwa unavuma.

— Jumamosi. Chagua mji wowote mimi sijawahi fika.

— Lazima ikuwe kubwa?

— Sijali. Bora nisijue njia.

Muziki ulipunguzwa.

— Sasa nani atatuongoza?

— Wewe.

— Lakini si wewe ndio unafaa kunionyesha?

— Mimi nitakuwa nakuuliza tu. Utanisomea.

Balozi alivuta pumzi ili aseme Guangzhou, Nthenya akamziba mdomo kwa andazi.

— Baba, uko siriazi?

— Niko.

— Dar, alisema Ivyne, upesi sana, kama mtu aliyekuwa na neno hilo mdomoni tangu zamani. Tunaenda Dar. Tunapanda basi, na kwa dirisha nakaa mimi. Ukilala nakuamsha. Ukianza kuuliza watu njia kabla mimi sijashindwa, tunagombana.

— Sawa.

— Na Baba?

— Ndio, mama.

— Hiyo kofia yako ya kampuni ya rangi. Huendi nayo.

Wesonga aliivua hapo hapo, akamwachia Katiba, akachukua mkoba wake wa spana na kumfuata Caren.