Kiranja Aliyeuliza Upande Mmoja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Kama una sufuria jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkumjua, lakini waliosoma au kufanya kazi katika chuo kile cha ualimu walimjua wote, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkuu wa chuo. Walimwita Kiranja. Kiranja alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Niseme mapema: mimi sipendi kumbukumbu za kumsifu marehemu mpaka ageuke malaika. Mkewe naye hapendi. Aliponikaribisha sebuleni kwake, macho yamemvimba kwa kulia, aliniambia, "Mwanangu, ukienda kusema huko redioni, sema na lile kosa. Yeye mwenyewe angelisema." Basi nitalisema.

Kiranja alianza kazi kwenye swichibodi ya simu. Kilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi, na kiti kimoja kilichochanika mgongoni. Namba za ofisi zote alikuwa nazo kichwani. Ukimtajia jina, anakupa namba kabla hujafunga mdomo. Kisha kompyuta zikaingia chuoni, swichibodi ikafungwa, na yeye hakujua hata kuchapa.

Aliyemfundisha kuchapa ni karani wa masjala, chumba kile cha mafaili. Mama mmoja wa rika lake, mpole wa sura, mkali wa kazi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alimkalisha mbele ya mashine na kumfunika mikono kwa gazeti ili asione vitufe. "Usichungulie, kaka," alikuwa akimwambia. "Vidole vina macho yake." Baada ya miezi miwili Kiranja alichapa kwa vidole kumi, haraka kama mvua ya mawe. Tangu hapo alimwita karani yule dada, na si kwa mdomo tu. Shikeni hilo, wasikilizaji. Karani ndiye aliyemfundisha.

Akaenda kusoma, akarudi, akakabidhiwa mtandao wote wa chuo. Hapo ndipo alipopata jina la Kiranja. Kila asubuhi, kabla ya chai, alifungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake, lile la kuandika amri, akaanza kuziita kompyuta moja moja kama kiranja wa darasa anavyoita mahudhurio. Maktaba-1, yupo. Uhasibu-4, yupo. Kompyuta za chuo kizima alizipa majina ya vyumba vyake, isipokuwa moja ya mapokezi, ambayo kwa uzito wake aliiita Kobe. Mama wa mapokezi alinuna wiki nzima. "Mama, si wewe, ni yeye," Kiranja akajitetea, huku amenyoosha kidole kwenye mashine. Mama wa mapokezi ananiambia mpaka leo hajui kama alidanganywa.

Sasa niwaeleze kidogo kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa machozi ya nyumba ile. Kila kompyuta kwenye mtandao ina namba. Watu hatuwezi kukumbuka namba, kwa hiyo inapewa na jina. Wenye kazi yao wana amri fupi ya kuandika, inaitwa nslookup. Unaiandika, unaweka jina, inakujibu namba. Unaweka namba, inakujibu jina. Lakini majibu hayo yanatoka kwenye madaftari mawili tofauti. Moja linatoka kwenye jina kwenda kwenye namba. La pili linatoka kwenye namba kwenda kwenye jina. Narudia, wasikilizaji. Madaftari ni mawili. Ukisahihisha moja, la pili halijisahihishi.

Miaka kumi na moja iliyopita, chuo kilipakwa rangi. Kompyuta zikahamishwa huku na huku, na Kiranja akagawa namba upya. Namba iliyokuwa ya masjala akaipa kompyuta ya chumba cha kuchapia. Akasahihisha daftari la kwanza. Kabla hajagusa la pili akaitwa uhasibu, mashine imezima na ripoti inasubiriwa. Akaenda mbio. Aliporudi, la pili lilikuwa limemtoka kichwani.

Wiki mbili baadaye mtihani wa mwisho ukavuja. Ulitumwa kwa barua pepe kutoka ndani ya chuo, na barua ile ilibeba namba ya kompyuta iliyoituma. Kamati ya watu watano ikakaa. Kiranja akaitwa, akaja na kompyuta yake ndogo ya mkononi. Mwenyekiti akasukuma karatasi mezani. "Namba hii ni ya nani?"

Kiranja akaandika ile amri, akaweka namba, akabonyeza. Jibu likaja papo hapo. Masjala-2.

Alimwambia mkewe baadaye kwamba moyo ulimgoma kidogo. "Nikajiambia, mashine haina chuki na mtu," alisema. Akalisoma lile jina kwa sauti. Vidole vilivyoandika ni vile vilivyofundishwa chini ya gazeti.

Karani akamwaga unga. Baada ya miaka kumi na minne ya kazi, alipewa nusu saa akusanye vitu vyake. Walipishana koridoni, yeye na boksi lake, Kiranja na kompyuta yake.

"Kaka, hata wewe?"

"Dada, namba ndiyo imesema."

Maneno hayo manne, mkewe anasema, aliyajutia kuliko kosa lenyewe. "Kusahau ni kusahau," aliniambia. "Lakini angeweza kumwambia dada yake, ngoja nikaangalie tena. Hakumwambia."

Miezi mitatu ikapita. Siku moja printa ya masjala ikagoma. Kiranja akafungua dirisha lake jeusi, na safari hii akauliza kwa jina. Masjala-2. Ikaja namba nyingine kabisa. Akauliza tena, ikaja ileile. Akaiweka ile namba ya kwenye karatasi ya kamati, na daftari la pili, lile alilolisahau, likamjibu bado: Masjala-2. Ndipo akakumbuka rangi, na uhasibu, na mbio zake.

Binti yake alikuwa nyumbani likizo. "Baba alirudi saa nne asubuhi," anasema. "Akakaa kwenye kizingiti cha nyuma, viatu mguuni. Nikamuuliza, baba, nani kafa? Akasema, hakuna aliyekufa, mwanangu, ila nimemzika mtu akiwa mzima."

Mchana ule ule alirudi kazini na kuingia kwa mkuu wa chuo. Mkuu hakufurahi. "Kesi hiyo imefungwa," alimwambia. "Ukiifungua, utafungua na ya kwako." Kiranja akaifungua. Aliandika barua ya kurasa mbili, akaeleza daftari la kwanza na la pili, akasaini jina lake kamili. Aliyevujisha mtihani hajajulikana hadi leo, maana kompyuta ya chumba cha kuchapia ilitumiwa na watu wanne. Kiranja akavuliwa ukuu wa kitengo. Barua ya kumsafisha karani ilichukua mwaka mmoja na nusu kutoka. Ilipotoka, karani alikuwa ameshafungua kibanda cha kushona sare za shule, na hakutaka kurudi.

Kiranja hakungoja barua ile. Wiki ileile ya kugundua kosa alikwenda nyumbani kwa karani. Hakukaribishwa ndani. Alisimama mlangoni akaeleza yote, akasema, "Dada, nimekukosea, naomba unisamehe." Karani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno moja. "Nimesikia." Akafunga mlango taratibu.

Nimesikia. Miaka kumi na moja, wasikilizaji wapendwa, mtu huyu aliishi na neno hilo. Nani wa kumlaumu karani? Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini mkewe anasema ilikuwa wanakula, hana hili wala lile, mara anaweka kijiko chini. "Mke wangu, mtu akisema nimesikia, ana maana gani?" Mwanzoni alimjibu vizuri. Baadaye alimwambia, "Baba nanihii, kula, chakula kinapoa." Alinieleza hivyo akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kilio.

Kazini alibadilika. Hakuna namba wala jina alilolitamka tena bila kuuliza pande zote mbili. Jina kwa namba, kisha namba kwa jina. Wenzake walichoka naye, jambo la dakika moja lilichukua kumi. Alistaafu hivyo hivyo.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Miezi minne alilala chumba cha mbele, kitanda kimeelekezwa dirishani. Mkewe alitaka kumwita karani. Namba yake ya simu alikuwa nayo. Kiranja akakataa. "Usimlete mtu asamehe mgonjwa," alisema. "Ataona haya kukataa. Huo utakuwa si msamaha, utakuwa ni huruma. Akija mwenyewe, mfungulieni." Mke akatii. Kila geti lilipolia, mgonjwa aligeuza shingo.

Alifariki Jumanne, saa tisa alasiri. Geti halikuwa limelia siku hiyo.

Siku ya tatu ya msiba aliingia mama mmoja, mkanda wa kupimia wa fundi cherehani ukiwa bado shingoni, amesahau kuuvua. Alikuwa karani. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na mjane, wakashikana mikono. Binti alikuwepo, na ndiye aliyenipa maneno haya.

"Wifi," karani alisema, "mimi nilimsamehe zamani. Siku ile barua yangu ilipotoka. Niliiona na barua yake imeambatanishwa, amesaini jina lake lote. Nikasema moyoni, yameisha. Nikasema nikikutana naye nitamwambia. Tukakutana sokoni mara moja, akainamisha kichwa, nami nikaona haya kuanza. Nikasema nitamwambia siku nyingine."

Mjane hakumlaumu. Alimwambia kitu kimoja tu: "Alikuwa anakungoja, dada."

Karani alilia kilio ambacho binti anasema hajawahi kukisikia, si siku ya kifo wala makaburini.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tulio hapa studioni, natoa pole kwa mke wa marehemu, kwa binti yake, na kwa wenzake wa chuo. Natoa pole pia kwa dada yetu karani. Naye amefiwa.

Zimebaki dakika mbili kipindi kiishe. Kwa kawaida tungepiga muziki, lakini leo sitapiga. Huenda yupo mtu uliyemsamehe moyoni miaka mingi, na yeye hajui. Nakuachia dakika hizi mbili. Mimi nanyamaza. Wewe mpigie.