Kompyuta ya Kuigiza, Diski ya Kweli

Asubuhi ile, kwenye benchi letu mbele ya duka la kinyozi, niliiacha kahawa ikapoa. Jana yake nilikuwa nimekaa papo hapo na laptopu, najishaua. Kuna programu inayoifanya laptopu mpya ijifanye kompyuta ya kale, na mfumo wa miaka ile ukawaka ndani yake kama uko kwao. Nikaiunganisha na diski ya kale ambayo shangazi yangu, dada wa baba, alinipa nimfungulie, bila kuinakili kwanza. Mfumo ukauliza kama diski ifutwe, iandaliwe upya. Nikabonyeza ndiyo huku nacheka, nikidhani ni diski ya kuigiza iliyotengenezwa na programu. Kumbe ya kweli. Humo Shangazi alikuwa amechapa masimulizi ya marehemu babu, neno kwa neno. Sasa ni tupu. Na hapa kijiweni mimi ndiye Injinia.

KINYOZI: Injinia, mbona umenywea? Kitu kizee kile kingekufa chenyewe.

WAKILI (tunamwita hivyo kwa kuwa hutetea kila mtu): Kosa ni la diski. Imelala kabatini miaka ishirini, inaamshwa ghafla. Hata wewe ukikurupushwa unasahau ulipo.

KINYOZI: Mi nasema ni huo mfumo. Umezinduka, umekuta dunia si yake, ukasusa.

WAKILI: Ukasusa na mafaili yake. Umerudi nayo kwenye mwaka wake.

KINYOZI: Basi tukirudisha nyuma saa ya laptopu, si tutayakuta?

WAKILI: Tena yakiwa mapya.

MIMI: Jamani, ni mimi. Nilibonyeza bila kusoma.

WAKILI: Nani kakuuliza? Shangazi yako akija, niachie mimi.

Nikamwachia. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi: nilimwachia, na moyoni nilifurahi kutetewa.

Mara Shangazi huyo, anakuja mbiombio, uso umemchanua.

— Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, baba. Dada yako kajifungua salama, mtoto wa kike. Tunataka kumpa jina la mama yake babu yako. Mimi limenitoka kabisa, na waliolijua wote wametangulia. Bahati nzuri baba yangu alilitaja kwenye yale masimulizi. Hebu niambie, aliitwa nani?

Wakili akainamia kikombe chake. Kinyozi akaingia dukani, akawasha mashine, na mteja hana.

Shangazi alikuwa ameshatoa kalamu, ananingoja. Niliona aibu hata kumwambia akae.